Amplifaya Iliponyamaza Lundo

Nyie mnaokodisha mziki Mbinga mjini, mnaofunga spika kwenye harusi, komunio na misiba, nisikilizeni kwanza, mtanicheka baadaye. Kazi hii nimeifanya tangu nina nywele mpaka sasa sina. Karibu yote niliifanya Ujerumani, nikiwa fundi wa umeme na sauti wa bendi moja iliyoitwa Kellerlicht, maana yake taa ya chumba cha chini ya nyumba, kule wenzetu wanakohifadhi viazi. Sasa nimerudi Matiri, nina kahawa yangu na magoti yanayouma, na kila Jumamosi mziki wenu unanifikia hapa mlimani. Mnafunga vibaya. Sisemi kwa chuki. Nasema kwa sababu mwenzenu mmoja, hodari kuwashinda nyote, nusura aue mtu mbele ya macho yangu pale Lundo ziwani, na alichofanya alikifanya kwa heshima.

Lundo tutafika. Kwanza mjue hao watu walikuwa akina nani.

Kellerlicht hawakupiga nyimbo. Wimbo una mwanzo, una kiitikio, unaisha, mtu anaenda kuagiza soda. Wao walianza na sauti moja, wakaizungusha, wakaivuta, wakaiacha ipotee, wakaitafuta tena, mpaka unasahau umekuja na nani. Santuri yao ya kwanza ilikuwa na kipande kimoja upande huu na kimoja upande wa pili, basi. Watu walilala sakafuni ukumbini wamefumba macho, na waliofumbua waliona rangi zinatembea ukutani, nyekundu inaila kijani, kijani inaila zambarau. Mnajua zile rangi zilitoka wapi? Mafuta ya kula na rangi ya vitambaa juu ya kioo, chini yake balbu kali. Mkorogaji ni mimi, kwa kijiti cha mshikaki. Parokia ilinipeleka huko kusomea umeme, na mama yangu alishatangaza Matiri nzima kwamba mwanawe anatengeneza mashine Ulaya. Ningemwambiaje kwamba nakoroga mafuta ya kupikia gizani?

Wenye bendi walikuwa wawili, wengine walikuja na kuondoka. Uwe alipiga gitaa na kuimba. Mrefu, peku hata kwenye theluji, hasira zake ziko mlangoni muda wote. Dieter alipiga kinanda. Mfupi, mkimya, mpole mpaka anaudhi. Kinanda chake kilikuwa cha mbao nzima, na tulipokipandisha ngazi niliwaambia kwetu jeneza la mtu mnene ni jepesi kuliko hiki. Uwe alicheka. Dieter aliuliza kwa upole kama kuna mtu ameumia.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja, Hilde, fundi wao kabla yangu. Alichomelea nyaya huku sigara iko mdomoni, majivu yanadondokea kwenye kazi, na kazi haikuharibika hata siku moja. Neno lake la kwanza kwangu, naomba mlishike: kitu cha umeme usichokiamini, kiguse kwa mgongo wa mkono. Kiganja kikipigwa shoti kinafumba na kung'ang'ania. Mgongo wa mkono ukipigwa, mkono unaruka wenyewe. Nikisahau alinigonga kwenye kifundo kwa mpini wa bisibisi. Nilisahau sana mwanzoni.

Kitu cha pili alichonifundisha Hilde ni mvumo. Nyie mvumo mnauchukia, na mna haki, mteja akisikia spika inanguruma anadai apunguziwe bei. Lakini Kellerlicht waliupenda. Amplifaya ya Uwe ilikuwa ya zamani, yenye taa za kioo ndani, na ikiwashwa ilivuma chini chini bila kukoma. Kabla ya kupiga walisimama kimya, wakausikiliza ule mvumo, halafu Dieter akaitafuta sauti yake kwenye kinanda, akaishika, na kipande kikaanzia hapo. Vipande vyao vyote vilizaliwa hivyo. Mimi nilipanga nyaya kwa namna ya kuulinda mvumo. Ukiwaambia mafundi wengine wanadhani umerogwa.

Na walikuwa na sheria moja ambayo hata Papa angekuja asingeivunja. Kipande kikishaanza hakikatwi. Hakuna kupanda jukwaani, hakuna kumpungia mtu mkono, hakuna kuzima kitu. Chombo kimoja kikifa, wote wanaweka mikono chini, wanaenda nyumbani, na kipande hicho hakirudiwi tena maisha. Alikuwepo fundi mmoja aliyezima umeme kwenye tamasha la uwanjani kwa sababu mvua ilianza. Alifanya sawasawa, mimi ningefanya hivyo hivyo. Uwe alimshusha kwenye gari njiani, mvua ile ile.

Miaka mibaya ilikuja pia. Watu walitaka nyimbo fupi za kucheza, wenye kampuni ya santuri wakawaambia wakate nywele na wakate vipande. Wakakataa vyote viwili. Tukawa tunapiga kwenye kumbi zenye viti vingi kuliko watu, mimi ndiye dereva, mimi ndiye mpishi. Nilisonga ugali kwenye jiko la gesi nyuma ya gari na Dieter aliula na jemu. Nilimvumilia, mtu ana njaa. Baadaye wakagombana, wakaachana, wakapatana, vijana wa huko wakazigundua santuri zao na kuanza kuwaita tena, wazee wenye mvi. Hapo mimi nilikuwa nimeshastaafu.

Ndipo Dieter akanipigia simu, niko shambani nachuma kahawa. Alikuwa na ugonjwa wa neva. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi kuanzia ncha, kila mwezi zaidi kidogo, na madaktari walimweleza wazi kwamba havitarudi.

"Hyera," akasema, "kimebaki kipande kimoja kwenye mikono hii. Nataka kukipiga kwenye lile ziwa ulilotuchosha nalo miaka yote. Tutakirekodi. Usiruhusu mtu akikate."

Nikamwambia hakitakatwa. Nilisema hivyo nimeshika kikapu, kahawa inanidondoka, na sikuona aibu kulia.

Wakaja, yeye, Uwe na watu wa kurekodi. Kwa mziki nilimkodi Skola Kapinga wa hapa Mbinga, mama mwenye spika zake mwenyewe na gari lake mwenyewe, ambaye nyaya zake huwa zimekunjwa vizuri kuliko nguo za wengi wenu. Tuliteremka kwenda ziwani kwenye lori, na mvua ikatukuta njiani. Turubai lilivuja mahali pamoja tu, juu ya amplifaya ya Uwe.

Tulipofika Lundo niliifungua amplifaya nikaianika juani. Nje ilikauka. Lakini nilipoiwasha ilivuma zaidi ya kawaida yake, nikajua ndani unyevu umebaki na umeme unavuja kidogo kwenda kwenye bati la mashine. Hapo ndipo waya wa ethi unapofanya kazi yake. Ule umeme unaovuja unashuka ardhini kupitia ethi, haumdhuru mtu, na wewe unasikia mvumo tu. Niliipima kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme, na bati halikuwa na moto. Tukaendelea.

Jukwaa lilikuwa la mbao, uwanja wa shule, ziwa liko mbele yetu pale. Umeme tuliuvuta kutoka nyumba ya mapadre. Ngoma zilipigwa na wazee wa mganda, ile ngoma ya asili, wa pale pale Lundo, waliofanya mazoezi na wageni siku iliyotangulia na kuelewana nao bila lugha. Kipaza sauti cha Uwe, maiki moja, kilisimama mbele katikati. Waya wake niliugawa mara mbili: tawi moja likaenda kwenye meza ya Skola pembeni mwa jukwaa, tawi la pili likaingia darasani walikokaa wanaorekodi.

Sasa, mnajua kwetu huwezi kuanza jambo bila utambulisho. Mtendaji akasimama, mwenyekiti akasimama, wakaombwa wageni wa meza kuu wapunge mkono mmoja mmoja, kisha diwani akaombwa aseme machache. Mimi nilikuwa mbele natafsiri. Diwani aliongea vizuri tu, shule, barabara, samaki. Nyuma ya maneno yake amplifaya ya Uwe ilikuwa inanguruma. Nilimaliza kutafsiri, nikashuka, nikazunguka nyuma. Uwe, Dieter na wazee wa mganda wakapanda.

Walisimama kimya kama kawaida yao, wakasikiliza. Nikasikia mawimbi. Nikasikia mtoto anakohoa. Uwe aligeuka akanitazama, akatabasamu, akidhani nimeuondoa mvumo makusudi ili ziwa lisikike. Dieter alitega sikio, akachukua sauti ya ngoma kubwa ya wazee, akaishika kwenye kinanda, na kipande kikaanza.

Mashine inayovuja haiachi kuvuma yenyewe.

Nikamfuata Skola mezani kwake. "Mvumo umeenda wapi?"

"Nimeutoa, babu. Mheshimiwa anaongea, mziki unanguruma nyuma yake, nimeona aibu. Wageni wako watatuonaje?"

"Umeutoaje?"

"Nimekata waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya."

Nikapita chini ya turubai la jukwaa mpaka nyuma yake, nikanyoosha mkono kati ya mbao, nikaigusa amplifaya kwa ncha ya testa. Kitaa cha testa kikawaka.

Nawaeleza polepole, maana siku moja itawakuta. Bati la amplifaya lina moto. Bati limeungana na nyuzi za gitaa. Uwe ameshika nyuzi za gitaa, lakini amesimama juu ya mbao kavu, kwa hiyo umeme umemfikia na hauna pa kwenda. Anapiga, hajui lolote. Ila ile maiki mbele yake ina ethi. Na Uwe huimba midomo imegusa chuma cha maiki, ndivyo alivyoimba maisha yake yote. Akiweka mdomo pale huku mikono iko kwenye gitaa, umeme unapata njia. Unapita mikononi, kifuani, unatokea mdomoni. Na mikono inafumba.

Ataimba lini? Hakuna aliyejua, hata yeye. Kuna vipande aliimba mwanzoni, kuna vipande aliimba mwishoni kabisa. Alifumba macho, akawa anatembea mdogo mdogo huku anapiga, na sauti ikimjia anasogea kwenye maiki.

Nikarudi kwa Skola na kumweleza kwa maneno machache. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Swichi ya ekstensheni iliyolisha amplifaya ilikuwa karibu na mguu wangu, nikachuchumaa nikaweka kidole juu yake.

"Ukizima hiyo, gitaa linakufa," akasema.

"Najua."

"Na yule mzee wa kinanda?"

Nikatazama juu. Dieter alikuwa amefumba macho. Vidole ambavyo asubuhi vilishindwa kufunga kifungo cha shati vilikuwa vinatembea, na sauti ilikuwa inapanda taratibu, na watu wa Lundo, ambao nilidhani watachoka, walikuwa wamesimama wanayumba. Nilimwahidi. Lakini nisingekaa na ahadi huku Uwe amelala chini.

"Akifika hatua moja mbele ya maiki, nazima," nikasema.

"Ungeunga ethi upya?"

"Plagi lazima ichomolewe kwanza. Na waya wa kuungia uko kwenye lori, lori liko kanisani."

Skola akaitazama maiki. Kisha akasema, "Babu, mbona unahangaika na gitaa? Mwenye kosa pale ni maiki. Tuitoe maiki."

Nikamwambia hata akichomoa waya mezani kwake, tawi la darasani bado lina ethi. Mahali pa kuchomoa ni pale pale, kwenye maiki yenyewe, mbele ya kila mtu, jukwaani kusikopandwa.

"Kwenu Ujerumani hakupandwi," akasema. "Hapa mtu akipiga vizuri anatuzwa."

Akafungua khanga kiunoni, akaikunja mara kadhaa akaizungushia mkononi. Miguuni alikuwa na malapa ya plastiki, namshukuru Mungu kwa malapa yale. Nikamwambia, "Usimguse. Hata akikuangukia usimguse. Gitaa lake usiliguse." Akaitikia kwa kichwa.

Alipanda kwa mbele, anacheza. Kina mama wakapiga vigelegele, wakidhani anakwenda kutuza. Akafika kwenye maiki, akakunja magoti kwa kucheza, akaishika kwa khanga. Plagi ya maiki ina kiulimi, lazima ukibonyeze ndipo waya utoke, na kwa mkono uliofungwa khanga nene hukioni wala hukisikii. Nilimwona anavuta. Hautoki. Na kwenye stendi nilikuwa nimeuzungushia seloteipu kwa mikono yangu mwenyewe, raundi nyingi, kazi safi.

Uwe akainua uso. Mimi naujua ule uso. Sauti ilikuwa imemjia.

Akaanza kutembea. Skola akamwona, akageuka akacheza kuizunguka stendi, akawa yeye yuko katikati, mgongo kwa Uwe, maiki kifuani. Mkono wa gitaa wenye vyuma mwishoni ulipita karibu na bega lake. Akainama, ukapita juu. Watu wakashangilia. Kidole changu kilikuwa kimeshaibonyeza swichi nusu, ile nusu ambayo ukipumua imezimika. Nikawa nasema kwa Kimatengo, sijui nilikuwa naomba au natukana.

Uwe akamzunguka Skola kwa upande wa pili. Macho yamefumba. Akafungua mdomo, midomo ikagusa chuma.

Na hakikutokea kitu. Waya ulikuwa kwenye mkono wa Skola, unaning'inia.

Aliimba maneno mawili matatu. Kwenye spika hamkutoka sauti. Akafumbua macho, akaona maiki haina waya, akamwona Skola na khanga, akanitazama mimi nimechuchumaa kidole kwenye swichi. Nikatikisa kichwa. Kwa sheria yao ilibidi aweke mikono chini. Nilingoja aiweke. Uso ulikuwa mwekundu, mishipa imesimama shingoni. Kisha akageuka akamtazama Dieter, ambaye hakuwa ameona lolote, anaendelea tu kichwa kimeinama. Uwe akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka karibu na kinanda, akawa anapiga chini chini, akimfuata. Wakaenda hivyo mpaka Dieter alipokimaliza mwenyewe, polepole, sauti moja baada ya nyingine, ikabaki ngoma, ikabaki ziwa.

Nilizima swichi watu wakiwa bado wanashangilia. Uwe akashuka ananijia, na Kijerumani chake siwezi kukiandika hapa. Skola akasimama mbele yangu.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekata ethi, na mimi ndiye niliyechomoa waya. Mwambie vyote viwili."

Nikamwambia vyote viwili. Nikamsimamisha juu ya ubao mkavu, nikampa testa, nikamwomba ashike gitaa kwa mbao yake tu na aigusishe kwenye nyuzi, nikawasha swichi. Kile kitaa kidogo kikawaka mkononi mwake. Alikitazama muda mrefu. Nikazima, akalivua gitaa kwa uangalifu, akampa Skola. Akamshika bega.

Dieter alikuwa bado amekaa kwenye kinanda, mikono mapajani.

"Uwe," akaita. "Mbona hukuimba?"

Uwe akatutazama mimi na Skola. Skola hakuelewa Kijerumani, lakini alielewa swali, akainamisha macho.

"Nilikuwa nakusikiliza," Uwe akasema.

Dieter akamgeukia. "Miaka yote hii," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza."

Uwe akapanda akakaa naye kwenye benchi, akaichukua ile mikono akaanza kuvisugua vidole kimoja kimoja. Dieter akamwambia aache, havisikii tena. Uwe akaendelea kuvisugua.